Nilimwambia mathe "ni 30 tu"

Wasee, hii ni stori ya mapazia, na kosa ni langu.

Mathe huuza mapazia ya mtumba kando ya barabara huku Kangemi. Hana kibanda cha mabati. Anatandika nailoni chini, anafunga kamba kati ya nguzo mbili, anatundika yale mazuri ili wapita njia wayaone, na mengine yanabaki chini kwa rundo la kuchagua. Jumapili ndiyo siku yake kubwa kwa sababu watu wametoka kanisani na hawana haraka. Sasa kuna Jumapili moja ya Aprili alikuwa amefungua bale mpya ya mapazia meupe, yale mepesi, yale ambayo yakiguswa na matope basi, imeisha.

Saa mbili asubuhi akaniuliza, "Hebu angalia kwa simu yako, leo kutanyesha?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Ana turubai kubwa, lakini ni zito, si la kubeba mkononi. Lazima amlipe kijana wa mkokoteni shilingi 100 alifikishe pale na kulirudisha. Nikafungua simu. Kiwingu kidogo, na chini yake 30%. Bila hata kuinua kichwa nikasema, "Ni 30 tu, mum. Hakutanyesha."

Unajua kilichofuata. Saa tisa mbingu ikafunguka, na si manyunyu, ni ile mvua ya Aprili inayogeuza mtaro kuwa mto kwa dakika kumi. Nilikimbia kumsaidia nikakuta tayari amekumbatia rundo zima kama mtoto, maji yanamtiririka usoni, na mapazia ya chini yako ndani ya matope mekundu. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Simu yako inadanganya," na hilo neno lilinikaa zaidi ya kelele. Tulifua usiku kucha. Mengine hayakutakata, akayauza bei ya matambara. Hasara ilikuwa kama shilingi 6,000, na pesa zenyewe zilikuwa za kurudi kwa chama.

Kwa wiki nzima nami nilisema simu ilidanganya. Halafu siku moja nikajiuliza kitu rahisi sana: ilidanganya vipi? Ilisema nini hasa?

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeisoma 30 kama alama za mtihani. Shuleni 30 ni kufeli. Kwa hivyo kichwani mwangu mvua ilikuwa imefeli, haiji. Nikaanza kuuliza mabeshte wanaelewaje hiyo namba, na manze, hakuna wawili waliokubaliana. Mmoja alisema ni kwamba kutanyesha asilimia 30 ya siku, yaani kama saa saba hivi. Mwingine akasema ni asilimia 30 ya Nairobi itanyeshewa. Wa tatu, huyu namheshimu kwa ujasiri, alisema ni kwamba wataalamu kumi walipiga kura na watatu wakasema ndiyo.

Kumbe hatuko peke yetu. Mwaka wa 2005 Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu swali hilohilo. Waliuliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York "uwezekano wa mvua asilimia 30 kesho" una maana gani. Ni New York pekee ambako wengi walipata jibu, na kule Marekani hizi asilimia hutangazwa kwa umma tangu katikati ya miaka ya 1960. Kwingine wengi walisema mambo yaleyale ya mabeshte wangu: sehemu ya siku, sehemu ya mji.

Jibu lenyewe ni hili. Chukua siku nyingi ambazo hewa inafanana na ya leo, siku zote zilizopewa 30. Kama utabiri ni mzuri, katika kila siku kumi za aina hiyo, kwa wastani tatu zitanyesha pale ulipo na saba hazitanyesha. Basi. Haisemi itanyesha kwa muda gani. Haisemi leo ni mojawapo ya zile tatu au zile saba. Kila anayebeti anajua timu ndogo hushinda kila mara na mikeka ya watu inachanika, na hakuna anayesema kampuni ya kubeti ilidanganya. Lakini mvua yenye 30 ikinyesha, tunaapa hatutaangalia hiyo kitu tena.

Kinachofuata ndicho kilichonishangaza zaidi. "Mvua" ni nini kwa hao watu? Huko Marekani, idara yao ya hali ya hewa huhesabu kuwa imenyesha ikianguka angalau sehemu moja ya mia ya inchi, ambayo ni kama robo ya milimita. Robo ya milimita! Hiyo ni ile mvua unatembea nayo na kofia tu. Maana yake ni kwamba asilimia haikwambii chochote kuhusu ukali. Fikiria Nairobi mwezi wa Julai: baridi, mawingu mazito, manyunyu ya asubuhi yasiyoweza hata kulowesha vumbi vizuri. Simu inaweza kukupa 80 siku hiyo na usiharibikiwe na kitu. Sasa fikiria Aprili, jua kali hadi mchana, wingu moja jeusi linajengeka alasiri. Simu inakupa 30, na ikiangukia upande wa hiyo 30, ni mapazia kwa matope. Julai 80, Aprili 30, na ile ya 30 ndiyo ya kuogopwa. Simu nyingi huandika pia milimita zinazotarajiwa, mahali fulani chini pale, na miaka yote sikuwahi kuteremsha kidole kufika huko.

Kitu kingine ni saa. Mimi nilikuwa natazama namba moja juu ya skrini. Ukifungua saa kwa saa, labda saa nane ni 30, saa tisa 30, saa kumi 30. Hiyo haimaanishi alasiri yote ni 30. Uwezekano wa kunyeshewa wakati wowote kati ya hizo saa hauwezi kuwa chini ya 30, na mara nyingi uko juu. Juu kiasi gani huwezi kujua kwa kuzidisha tu, kwa sababu saa hizo zinategemeana: wingu la saa nane ndilo mara nyingi la saa tisa. Lakini mtu anayekaa barabarani kutoka asubuhi hadi jioni hasomi namba ya saa moja. Ana siku nzima ya kunyeshewa.

Na ile habari ya "asilimia 30 ya Nairobi" isicheke sana, kwa sababu hapa kwetu kuna chanzo cha huo mkanganyiko. Idara yetu ya utabiri ikitangaza husema mvua "sehemu chache", "sehemu kadhaa" au "sehemu nyingi". Hiyo ni lugha ya eneo kweli. Inajibu itanyesha wapi. Asilimia ya simu inajibu swali lingine: pale unaposimama, itanyesha ama la. Ukichanganya hizo mbili unapotea. Na sote tumeona mvua inapiga Kangemi huku mtu wa Embakasi anapost picha ya jua akiuliza mnaongelea mvua gani. Mawingu ya alasiri ni madogo na yana vichwa vigumu. Kompyuta inaweza kujua kwamba hewa ya leo iko tayari kuyazaa. Kujua litamwagikia mtaa gani, hapo ndipo namba inabaki 30 badala ya kuwa sifuri au 100.

Namba yenyewe haitoki hewani, samahani kwa utani. Mwaka wa 1961 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Lorenz, alikuwa akirudia hesabu za hali ya hewa kwa kompyuta. Badala ya kuandika 0.506127 akaandika 0.506. Tofauti ndogo kuliko chawa. Mwanzoni matokeo yalifuatana, halafu yakaachana kabisa, mpaka yakawa kama ya sayari mbili. Kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kupima hewa yote ya dunia bila hizo tofauti ndogo, siku hizi vituo vikubwa haviendeshi utabiri mara moja. Kile cha Ulaya, ECMWF, huuendesha mara 50 na zaidi, kila mara kwa mwanzo tofauti kidogo. Ukiona kama 15 kati ya 50 zinaleta mvua, unaanza kuelewa 30 inatoka wapi, ingawa kabla ya kufika kwa simu hupigwa marekebisho mengine. Kwa hivyo 30 si mtu anayesitasita. Ni jibu la uaminifu kabisa kutoka kwa mashine iliyojaribu kesho hamsini.

Sawa. Kwa hivyo simu haikudanganya. Nani alidanganya? Mimi. Niliichukua "tatu kwa kumi" nikampa mathe ikiwa "hapana". Na hakuwa ameniuliza maoni, alihitaji namba ili aamue mwenyewe.

Tungeamua vipi? Tulikaa tukapiga hesabu baadaye, nyuma ya daftari lake la madeni. Kubeba turubai ni 100. Kukosa turubai siku ya mvua ni 6,000. Chukua Jumapili kumi za 30. Akilibeba zote kumi anatumia 1,000. Asipolibeba, tatu zinamkuta, ni 18,000. Si hata mashindano. Tukashuka hadi asilimia 5: Jumapili ishirini, turubai ni 2,000, mvua moja ni 6,000. Bado anabeba. Mpaka wake uko karibu na asilimia 2. Yaani kwa biashara ya mathe, wakati wa mvua ndefu, karibu hakuna siku ya kuliacha turubai nyumbani.

Sasa linganisha na mimi. Mwezi uliofuata nilikuwa na siku ya kurekodi video nje, nimekodi kamera na jamaa wa kushoot. Nikighairi asubuhi namlipa nusu, 1,500. Nikienda na inyeshe napoteza yote, 3,000. Simu ikasema 30, ileile. Siku kumi kama hiyo nikighairi zote nimechoma 15,000 na sina video hata moja. Nikienda zote, tatu zinanyesha, nimechoma 9,000 na nina video saba. Nikaenda. Mimi na mathe, nyumba moja, namba moja, yeye anabeba turubai na mimi natoka bila wasiwasi, na sote wawili tuko sawa.

Ndiyo maana sipendi tena lile swali la "kwani 30 ni kubwa ama ni kidogo?" Inategemea umeweka nini mezani. Mwaka wa 2023 tulifanya El Niño mzaha mtandaoni wiki nyingi, halafu mafuriko yakaja na zaidi ya Wakenya 100 wakafa. Aprili 2024 mto Mathare ukabeba nyumba za watu. Mtu anayelala hatua kumi kutoka mtoni hawezi kusoma 30 kama mimi ninayewaza viatu vyangu vyeupe. Kwake hata 10 ni sababu ya kuamka usiku kuangalia maji yamefika wapi. Na shida ni kwamba mara nyingi yeye ndiye hana pa kwenda hata akiisoma vizuri. Hapo hesabu yangu ya daftari haitoshi, na sitajifanya inatosha.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiandika ukutani kwa penseli kila siku simu inaposema 30, kisha jioni naweka alama kama kulinyesha hapa kwetu. Nina siku 17, zilizonyesha ni 4. Siku 17 ni chache sana kuhukumu mtu, wacha nifike mia. Mathe anaona huo ni uchafuzi wa ukuta wa mwenye nyumba.

Lakini Jumapili iliyopita alikuwa mlangoni, kijana wa mkokoteni anangoja nje, akaniuliza, "Inasema ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini ya manyunyu ama ishirini ya ile ya Aprili?"

Nikateremsha kidole kutafuta zile milimita.