Ubao wa Tezi: Siku Tisa Mjini Kitale

Leo tunawachukua wasomaji wetu hadi Kitale, mji wa mahindi na baridi, kwenda kutazama chombo cha majini. Huenda msomaji akauliza: chombo na Kitale wapi na wapi? Bahari iko mbali kwa zaidi ya kilomita 800 za barabara, na mji wenyewe umekaa kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon upande wa magharibi na vilima vya Cherangani upande wa mashariki. Tulifika mwezi wa Januari. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, yameanikwa juu ya maturubai mbele ya maghala, na vijana wakiyageuza kwa miguu kama mbata zigeuzwavyo juani huku kwetu.

Lakini Kitale ni bandari ya namna yake. Reli ilifika hapo mwaka 1926 ikakoma. Tangu hapo barabara hushika njia ya kaskazini, ikapita Kapenguria, ikateremka milima na kuingia katika nchi ya joto na mchanga hadi Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Kalokol, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Unga, nyavu, mafuta na vipuri vya mashine vinavyokwenda ziwani hupitia Kitale. Samaki wakavu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Anayesimama alfajiri penye magari ya Lodwar husikia harufu ya ng'onda, akadhani yuko Lamu, mpaka upepo wa mlimani umkumbushe koti lake.

Wala si jambo geni mtu wa pwani kuonekana katika nchi hizo. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Mumias na pande za Elgon katika karne ya 19, kabla hapajakuwa na reli. Kwa njia hiyo Uislamu ulipata wafuasi katika nchi ya Wanga, na hilo ni la kujivunia. Lakini wenyeji wa Kitale husimulia pia kwamba mjini mwao palikuwa na boma la mawe lililofungiwa watumwa waliokuwa wakipelekwa pwani. Biashara ya wazee wetu iliacha majina mawili, jema na baya, na mtu wa pwani anayefanya biashara huko leo huongeza katika mojawapo.

Kilichotupeleka ni mirathi. Familia moja yenye asili ya mji wetu ilifiwa na baba, mtu aliyekuwa akinunua samaki Kalokol na kuwauza Kitale na Bungoma. Wazazi wake walikuwa wamemtangulia. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili, mdogo wao akiwa na miaka tisa. Madeni yalipokwisha lipwa, hesabu ilikuwa nyepesi: mafungu 48, mama 6 ambayo ndiyo thumni yake, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Uzito ulikuwa katika kitu kimoja cha urithi huo, nacho ni boti ya faiba ya futi 19, yenye mashine ya nguvu za farasi 40, iliyopandishwa juu ya lori la samaki kutoka ziwani na kuwekwa nyuma ya ghala la mahindi. Mnunuzi alikuwa amekwisha patikana, mtu wa Kalokol, naye alitaka kuitumia kuvusha watu na samaki. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri.

Kabla ya kuuza, mama aliagiza fundi aitazame. Fundi huyo ni Mbukusu wa upande wa Bungoma, aliyejifunza kazi ya faiba miaka mingi katika Ziwa Viktoria. Hakusema neno. Alishika nyundo ndogo, akaanza kugonga mbavuni, akaja nyuma hadi kwenye tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Mbavuni mlio ulikuwa mkavu na mkali. Kwenye tezi ukawa mzito, kama mtu anayegonga gunia. Akatoboa tundu dogo kwa keekee upande wa ndani. Badala ya chenga kavu za mbao zikatoka chembe nyeusi zenye maji. Akazisugua baina ya vidole, akatugeukia: "Shehe, hapa hakuna mbao tena. Hapa kuna uji."

Inafaa tueleze jambo hili, kwa kuwa boti za namna hii zimejaa pia katika mifereji yetu. Mashua ya mbao, kama zile za mafundi wa Matondoni, huoza mbele ya macho: ubao hubadilika rangi, msumari hulegea, kalafati hutoka. Boti ya faiba ni kama andazi. Nje ni gamba la nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, ndani vilevile, na katikati ya tezi ni plaiwudi. Gamba haliozi, plaiwudi huoza. Maji hupitia matundu ya bolti zinazoshika mashine, au mahali palipotobolewa kwa skrubu na kusahauliwa. Yakishaingia hayana pa kutokea. Miaka inapita, mwenye chombo anapaka rangi kila mwaka, naye haoni kitu. Mashine kama ile ina uzito unaozidi kilo 70, na ikisukuma mawimbi hukaza zaidi kuliko uzito wake. Siku moja ukuta hupasuka. Mashine ikaenda chini, na pale ilipokuwa pakawa mlango wa maji.

Na maji yenyewe tuyajue. Ziwa Turkana lina urefu wa karibu kilomita 250, katikati ya jangwa. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mto kutoka Ethiopia uitwao Omo, jina ambalo kwetu ni la sehemu ya mbele ya chombo. Upepo wa kusini-mashariki huvuma huko kwa nguvu, mara nyingi usiku kucha hadi asubuhi, na mawimbi huinuka upesi. Mwaka 1934 msafara wa watafiti wa Kiingereza ulioongozwa na Vivian Fuchs uliwapeleka wenzao wawili, Martin na Dyson, katika Kisiwa cha Kusini cha ziwa hilo. Hawakuonekana tena. Hilo ndilo ziwa ambalo boti ile ilitakiwa ivushe akina mama na watoto.

Jioni ile familia ikakaa, nasi tukakaa nao. Mwana mkubwa alisema maneno ambayo wengi wangeyasema. Alisema boti imefanya kazi miaka yote na tezi hiyo hiyo. Mnunuzi ni mtu mzima, ameiona kwa macho yake. Rangi ikipakwa na tundu likizibwa, bei itasimama, na yatima atapata haki yake kamili. Neno la yatima lilikuwa zito, wala hakulisema kwa ujanja. Mdogo wake wa kiume alinyamaza. Mama akasema, "Mwanangu, marehemu alikuwa akiwapima watu samaki mbele ya macho yao. Tumuulize Shehe."

Tuliwaambia yaliyomo katika vitabu vya fiqhi, ambayo kila mwanafunzi wa madrasa huyapitia. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake, iliyofichika kwa mnunuzi, ni wajibu wake kuibainisha. Akiificha, mauzo yana dhambi, na mnunuzi akiigundua ana hiari ya kurudisha bidhaa na kudai fedha zake. Tukawakumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Tukawakumbusha pia jahazi la masikini katika Suratul Kahf. Khidhri alilitoboa ili mfalme dhalimu asilipore, na masikini wale wabaki na riziki yao. Pale aibu ilikuwa kinga. Hapa aibu iliyofunikwa kwa rangi ingekuwa kaburi. Na kuhusu yatima, mali yake hailindwi kwa kutiwa haramu ndani yake.

Basi njia zikabaki mbili: kuuza na kusema, kwa bei ya chini sana, au kutengeneza kwanza. Wakachagua kutengeneza. Gharama ikawekwa juu ya mafungu yale yale 48, kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Ilipofikiwa zamu ya mdogo, mama alisema, "La huyu nitalitoa mimi." Mwana mkubwa akatazama chini, kisha akasema watalitoa pamoja.

Kazi ilichukua siku tisa. Mashine ilishushwa. Fundi akakata gamba la ndani la tezi kwa mashine ya kukatia, akaliacha la nje lisimame kama kalibu. Uozo ukakombwa kwa patasi na mikono, ndoo baada ya ndoo, mpaka kwenye faiba tupu; kisha ukuta ukaachwa ukauke, mchana juani na usiku chini ya turubai, kwa sababu ya umande. Likakatwa boksi la karatasi ngumu kuwa kigezo cha umbo la tezi.

Plaiwudi ndiyo iliyotuchukulia muda. Isiyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini ingerudisha maradhi yale yale. Fundi alinunua vipande vya aina tatu katika maduka ya vifaa vya ujenzi, akaomba sufuria kuukuu, akavichemsha jikoni kwa mama tangu asubuhi hadi adhuhuri. Viwili vilifunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Cha tatu kilitoka kama kilivyoingia, na hicho ndicho kilichonunuliwa: tabaka mbili za milimita 18, zikagundishwa pamoja na kubanwa kwa jiriwa.

Baridi ya Kitale nayo ilikuwa na neno lake. Rezini ambayo Mombasa huganda mtu angali anaipaka, huko ilisinzia. Fundi alifanya kazi baina ya saa nne na alasiri tu, jua lilipokuwa kali. Pembe alizijaza zikawa mviringo, kwani kitambaa cha nyuzi za kioo hakilali vizuri penye kona kali, kisha akakipandisha tabaka juu ya tabaka. Matundu ya bolti aliyatoboa makubwa kupita bolti zenyewe, akayajaza rezini, na ilipoganda akatoboa upya katikati yake, ili maji yakipita yakutane na rezini yasikutane na mbao. Mwisho akapima kimo cha tezi, sentimita 51, sawa na mguu mrefu wa mashine ile, ikarudishwa mahali pake. Wana wawili wakauning'inia mguu wa mashine kwa uzito wao. Ukuta haukutikisika.

Mnunuzi alipokuja, aliandikiwa katika hati ya mauzo kwamba tezi ilioza na ikajengwa upya, na mwezi uliofanyika kazi. Alisoma taratibu, akakaa kimya. Kisha akasema: "Mkiniambia hili, na la sakafu mtaniambia kama lipo." Sakafu ikafunuliwa mbele yake, ikagongwa, ikalia kavu. Alipunguza kidogo bei yake ya kwanza, akalipa, na boti ikapakiwa juu ya lori.

Nasi tunawausia ndugu zetu wenye boti, kuanzia Vanga hadi Kizingitini: kabla ya kusi kuingia, shikeni nyundo mkagonge tezi, na msikilize. Palipo na mlio mzito msipake rangi. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu yule, awabarikie warithi wake katika walichokipata, na awafikishe salama wote wanaopanda chombo kile. Amin.