Monita ya kusafiri nayo, na kisutu cha Bibi

Najua blogu imelala. Zamu za usiku zilinishika wiki tatu mfululizo, na mtu akitoka zamu ya usiku huku anachotaka ni pazia zito na kiyoyozi tu. Leo nina mapumziko, nguo nimefua, wali uko jikoni, basi tukae tuongee.

Shangazi amenipigia simu kuniuliza, "Eti ni kweli unanunua televisheni isiyo na antena?" Habari zimeshamfikia kwamba natafuta monita ya kubeba safarini. Nimecheka sana, lakini swali lake ni la haki. Hela hiyo ingenunua bati kadhaa za kumalizia jiko la Bibi. Kwa hiyo ngoja niwajibu wote kwa pamoja.

Mnalijua lile sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi. Mna picha za harusi, za Idd, za watu waliosimama mbele ya mapazia ya studio, na nyingi hazina jina wala mwaka kwa nyuma. Likizo iliyopita Bibi alizitaja zile nyuso moja moja bila kusita. Mwezi jana, kwenye simu, aliniita kwa jina la mama mara mbili. Mimi ni muuguzi, najua dalili kama hiyo inaweza kuelekea wapi. Na anayejua huyu ni nani, yule alioa wapi, ni yeye peke yake. Akisahau yeye, tumesahau sote.

Ndiyo maana nikija Desemba nataka nizipige picha upya zile picha zote, nizisafishe kwenye kompyuta palepale barazani, Bibi yuko pembeni anataja majina, mimi naandika. Kazi hii siwezi kuja nayo Qatar nikaifanya peke yangu.

Sasa laptopu yangu ni ya inchi 13. Bibi amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande mmoja tu, na mnamjua, hapendi kusogezewa kitu usoni. Kwa hiyo skrini ya pili si ya kwangu. Ni ya Bibi. Nilipolielewa hilo uchaguzi ukawa mwepesi.

Rafiki zangu wa hapa walinishauri ninunue ya inchi 27, ya mezani. Kwa kazi ya picha ni nzuri kweli, lakini uifunge vipi kwenye sanduku, ushuke nayo Dar, kisha uipandishe basi la Tanga? Nikaamua ya inchi 15.6, ile nyembamba kama kitabu. Nyingi zina uzito kati ya gramu 700 na 900, na zinaingia kwenye begi la mkononi.

Pili, aina ya kioo. Niliuliza kama ni IPS. Vile vioo vya zamani vya TN ukivitazama kwa pembeni rangi hugeuka, na barazani hakuna anayekaa katikati. Bibi kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, na watoto wamesimama nyuma yetu. Sote tunatakiwa tuone uso mmoja.

Tatu, rangi, na hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna kipimo kinaitwa sRGB, kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndicho kinachotumika zaidi kwenye intaneti na kwenye studio za kuchapisha picha. Monita za bei ya chini utakuta zimeandikwa "45% NTSC". Unaona asilimia unafurahi, kumbe maana yake ni kwamba zinaonyesha kama asilimia 60 na kidogo tu ya rangi za sRGB. Tafuteni iliyoandikwa 100% sRGB, au walau 72% NTSC. Za Adobe RGB zina rangi nyingi zaidi, lakini picha zetu zitaishia kwenye simu zenu na kwenye fremu ukutani, sikuona sababu ya kulipia.

Kwa nini nahangaika na rangi hivi? Kazini kwetu daktari wa mionzi hasomi eksirei kwenye kompyuta yoyote anayoikuta. Skrini zake hupimwa na kusawazishwa kwa kiwango cha DICOM, maana kivuli kidogo kikipotea, ugonjwa nao umepotea. Na nyuso zetu ni hivyo hivyo. Mtafiti mmoja wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 jinsi maabara za picha zilivyosawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, tangu miaka ya 1950. Yeye akitoka vizuri, kazi imekwisha. Sisi tulitoka weusi tii, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Mtazameni babu katika ile picha ya mwaka 1974, mtanielewa. Sasa nikiifungua picha ile, lazima nijue giza hilo limo kwenye picha au ni la skrini yangu. Nisipojua, nitamng'arisha babu mpaka awe mtu mwingine, na Bibi aseme hamjui.

Basi Ijumaa nikapanda metro kutoka stesheni ya Al Wakra, nauli riyali 2 tu, nikaenda maduka ya kompyuta mjini Doha. Nilibeba vitu viwili. Flashi yenye ile picha ya Bibi niliyompiga siku ya Idd, amejitanda kisutu. Na kipande cha pili cha kisutu hicho hicho, maana siku naondoka nyumbani Bibi aliikata ile doti, kimoja akabaki nacho, kimoja akanipa mimi. Nikamwomba muuzaji achomeke flashi, nikakunjua kanga yangu pembeni ya skrini. Alinishangaa, lakini alinivumilia.

Ya kwanza, riyali 390. Nyekundu ya kisutu ikawa rangi ya tofali, na uso wa Bibi ukawa na rangi ya majivu. Wodini mgonjwa akiwa na rangi ile ningemwita daktari mbio. Ya pili, riyali 780, kama dola 214. Nyekundu ikakaa karibu kabisa na ya kanga mkononi, na kwenye paji la uso ikarudi ile kahawia yenye wekundu kwa mbali. Nilinyamaza kidogo. Muuzaji akaniuliza, "Mama yako?" Nikamwambia, "Mama wa mama yangu." Nikalipa.

Ushauri wa haraka kwa wanaotaka kununua. Si kila tundu la USB-C hupitisha picha, mengine ni ya kuchaji na mafaili tu. Hakikisheni laptopu ina DisplayPort Alt Mode, hapo waya mmoja unaleta picha na umeme. Kama haina, mtahitaji waya wa HDMI na wa umeme mbali. Monita yangu ina mwangaza wa niti 300, unatosha kwenye kivuli, juani hautoshi, kwa hiyo kazi yetu itakuwa baada ya alasiri. Plagi za huku ni zile zile za nyumbani, za miguu mitatu bapa. Na pawabenki ikae begi la mkononi, isizidi saa-wati 100, kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi. Mwenzangu wa wodini, Mfilipino anayepiga picha za harusi, ameniazima kifaa chake cha kusawazisha rangi, nimeshaiweka sawa.

Sasa zamu yenu. Kabla sijafika naomba mambo matatu. Picha zilizogandia kwenye zile albamu za gundi msizibandue, nitazipiga humo humo. Msizifute kwa kitambaa chenye maji. Na kila mwenye picha za zamani, mjomba wa Pangani na wewe dada wa Muheza, zileteni kwa Bibi, lakini msimwonyeshe zote siku moja, anachoka. Mkimkuta amechangamka mkamwonyesha mbili tatu, andikeni anachosema pale pale, kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni. Msingoje mimi na monita yangu.

Shangazi, hela ya bati natuma mwisho wa mwezi. Maoni yenu nayasubiri hapa chini. Tuonane Desemba, Mungu akipenda.