Kisanduku na Kandili

Rodi Kopany ni njia panda. Hapo barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo hukutana na ile iendayo Ndhiwa, na sokoni wachuuzi huuza omena wa Ziwa Victoria. Miongoni mwao, mnamo mwaka 2016, alikuwako mama mjane aliyetaka kuiaga koroboi. Bintiye alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na moshi wa mafuta ya taa ulimwasha macho.

Uamuzi haukuwa mwepesi. Tangu M-KOPA ilipoanza kuuza mitambo ya sola kwa mkopo nchini Kenya mwaka 2012, kampuni nyingine nazo zilijitokeza. Mtambo wa aina hiyo una kisanduku kimoja chenye betri na kadi ya simu. Kisanduku hupokea umeme wa paneli iliyo juu ya paa, kisha hugawia taa, redio na simu. Mteja hulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Asipolipa, kisanduku hujifunga. Kwa upande wa pili zilikuwako kandili za sola, kila moja na paneli yake na betri yake, zisizotegemeana wala kudai.

"Mama, chukua kisanduku," kifunguamimba wake alimshauri. "Mshika mbili moja humponyoka."

"Mwanangu, akiba nayo haiozi," mama alimjibu.

Akapiga hesabu. Shilingi 50 kwa siku, kwa mwaka mzima, ni shilingi 18,250. Hata hivyo, kisanduku kingeangaza vyumba vitatu, ilhali kandili ingeangaza meza moja. Akachukua kisanduku kwa mkopo, na kandili moja kwa fedha taslimu. Majirani wakamcheka: ya nini taa ya mkono katika nyumba yenye swichi?

Mvua za vuli zikaja. Omena hawakukauka, na wateja wakawapita. Usiku malipo yalipokwisha, kisanduku kilijifunga. Paneli ilikuwa nzima, betri ilikuwa na chaji, taa hazikuwa na kasoro. Lakini vyote vilizimika kwa pamoja, kwa kuwa vyote vilingoja ruhusa ya mahali pamoja. Binti akawasha kandili iliyokuwa imeonja jua la asubuhi, akaendelea kusoma.

Mama hakukijutia kisanduku. Alilipa deni hadi likaisha, kikawa chake. Swali lake, hata hivyo, halijaisha. Leo wakazi wa mijini wanaoweka taa za kuamrishwa kwa simu huulizana lilo hilo: kila taa iunganishwe yenyewe na intaneti, au zote zipitie kitovu kimoja? Kabla ya kuuliza kipi huangaza zaidi, yafaa kuuliza ni vingapi vitazimika kimoja kikisimama.

Deni liliisha, na mama hakuiacha desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, aliianika kandili juani.