Neno Moja, Elfu Moja Mia Tano

Kazi yenyewe ilikuwa neno moja. Mteja alikuwa na bango la semina ya vijana, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, limeandikwa Rise. Alitaka Kiswahili chake kufikia jioni. Elfu moja mia tano kwa M-Pesa. Nikajiambia hii ni pesa ya kuokota.

Kumbe. Kiingereza hakina shida: jua, mkate, bei, moshi, aliyekufa, watu waliochoshwa na serikali, wote wana-rise tu. Kiswahili kinataka kwanza kujua unaongea juu ya nani. Jua huchomoza. Unga huumuka. Moshi hupaa. Yesu alifufuka. Hakimu akiingia kortini watu husimama. Tarehe 14 ya mwezi EPRA ikitangaza mafuta, bei hupanda, na asubuhi yake makanga anakuongezea kumi kama vile mlikubaliana. Kwetu Naivasha, ziwa lilipoingia kwenye nyumba za Kihoto mwaka wa 2020, tulisema maji yamepanda, kana kwamba kuna mlima mahali.

Hata wimbo wa taifa ulilazimika kuchagua. Beti ya pili ya Kiingereza inataka watu wa-arise, ya Kiswahili inawaambia waamke. Si kitu kimoja. Mtu anaweza kuamka na abaki kitandani hadi saa sita. Mimi ni ushahidi.

Halafu kuna raise, ndugu yake, ambaye alininyima alama kidato cha pili chote. Mwalimu alituambia rise haitaki shamirisho: kitu kinaenda juu chenyewe. Raise lazima mtu akishike akipandishe. Ni kama inuka na inua. Sikuelewa maana ya hiyo tofauti hadi nilipoita chuo.

Kwa sababu nilichangiwa. Viti vya plastiki vya kanisa, hema la kukopa, jogoo mmoja aliyenadiwa mara nne, kila anayemnunua akimrudisha anadiwe tena. Mama alinilea, halafu akaomba majirani wamsaidie kuchanga karo, na Kiingereza kinaita hayo yote mawili raise. Watu walisema kijana ameinuka. Wapi. Niliinuliwa, tena na watu wengine wakiwa na deni la unga dukani. Kwa hivyo nilipoacha chuo mwaka wa tatu (karo ilikuwa imeisha, lakini wacha niseme ukweli, na hamu pia), sikuanguka peke yangu. Nilianguka na jogoo.

Nilimtumia mteja “Inukeni”. Akajibu kwamba inasikika kama kanisani. Nikampa “Simameni”, akasema hapana, hiyo ni ya polisi. Mwishowe akajichagulia mwenyewe: PANDA! Sikubishana. Pesa iliingia.

Wikendi nikaenda nyumbani. Mama alikuwa akikanda unga wa mandazi ya kesho, nikamwonyesha bango kwenye simu: vijana watatu juu ya mwamba, mikono hewani, na neno langu ambalo si langu. Akajipangusa mikono kwa leso, akaishika simu mbali na macho.

“Wapande nini?”

“Aa mama, ni kupanda tu. Kimaisha.”

“Na mbona hakuna mwenye jembe?”

Nilicheka hadi akaanza kucheka pia. Akafunika beseni kwa kitambaa, akalisogeza karibu na jiko, mahali pa joto. Nikamuuliza, kwa vile kichwa changu kilikuwa bado kazini, kama hamira ndiyo inayoinua unga au unga huumuka wenyewe. Akaniangalia vile huniangalia nikileta mambo ya chuo.

“Baba, mimi huweka hamira nalala. Saa kumi nakuta umejaa. Hayo mengine sijui.”

Tukakaa. Aliniambia amekutana sokoni na yule mzee aliyemnunua jogoo mara ya mwisho, yule ambaye hakumrudisha. Amemuuliza nimefika mwaka wa ngapi.

“Ukamwambia nini?”

“Nilimwambia uko sawa.” Akaongeza makaa mawili kwenye jiko. “Huko chuo, mtu akitoka huwa wanamruhusu arudi?”

Nikamwambia sijauliza. Halafu nikamtolea mia tano ya unga, akaipokea, akaifunga kwenye pindo la leso bila kuihesabu.