Kiasi cha Bunduki

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Msasi, hata hivyo, hana budi kuchagua. Niliyawaza haya tulipopewa zoezi la tafsiri muhula uliopita: makala ya Kiingereza juu ya kuchagua risasi ya kuwindia koyote, mnyama wa Marekani Kaskazini wa jamii ya mbwa, anayekaribiana kwa umbo na tabia na mbweha wetu.

Ugumu ulianzia kwenye neno lenyewe. Sisi husema "risasi" tukimaanisha kitu kizima kinachotiwa bundukini. Lakini risasi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini laini na mazito. Kitu kile kizima kina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iwashayo, baruti isukumayo na risasi iendayo. Katika kamusi za zamani nilikuta jina lake: kiasi cha bunduki. Enzi za gobori, mpigaji alimimina baruti kwa kipimo, akashindilia, akatia risasi. Yaelekea ganda lilipokuja na kila kitu kimekwisha kupimwa ndani yake, likarithi jina la kipimo.

Jina hilo ndilo lililonifungulia makala. Koyote ana uzito wa kilo 7 hadi 20 hivi. Risasi ya .303, waliyoibeba askari wa King's African Rifles, ina takribani gramu 11. Nguvu zake zamzidi mnyama huyo mbali. Ile ya .22 ndogo nayo, ikipigwa kutoka mbali, humwacha akijikokota na jeraha. Ndiyo maana wasasi wengi huchagua .223 Remington, iliyotolewa mwaka wa 1964: risasi ya gramu 3.6 iendayo karibu mita 1,000 kwa sekunde. Ikiwa ni ya aina ipasukayo, aghalabu huishia mwilini, ikaua upesi bila kuirarua sana ngozi wala kupita ikadhuru kisichokusudiwa. Hoja nzima, basi, si ukubwa wa nguvu, bali ni kiasi.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Otonglo? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na bunduki haimilikiwi bila leseni. Mbweha akimnyakua mwana-mbuzi, mfugaji hana risasi ya kuchagua. Huarifu Shirika la Huduma za Wanyamapori, kisha husubiri. Nyanya yangu alipopoteza wana-mbuzi wawili, jirani alimshauri atie sumu ya wadudu katika mzoga. Ushauri huo haukuwa wa kuchekwa. Mbuzi wa nyanya ndio walionilipia karo, na aliyefiwa na mifugo hatulizwi kwa mahubiri.

Nyanya alikataa. "Mjukuu wangu," akaniambia, "sumu haina macho. Itamla mbweha, imle mbwa wa jirani, imle na tai atakayetua juu ya mzoga." Akaagiza miiba, akaliinua zizi. Mwana-mbuzi wa tatu alichukuliwa kabla ya zizi kukamilika, naye hakuibadili kauli yake.

Nyanya hajui .303 wala .223, lakini alilitambua lile ambalo makala ya Kimarekani ilihitaji kurasa kadhaa kulieleza: kwamba anayekusudia kuua sharti ajue nguvu yake itaishia wapi. Sumu ni nguvu isiyo na kiasi.

Katika tafsiri yangu niliandika "kiasi cha bunduki". Mhadhiri aliweka alama ya kuuliza pambizoni, na mjadala wetu darasani ulichukua kipindi kizima. Wenzangu walipendelea "risasi" kwa kuwa yaeleweka na wote, na hoja yao ina uzito. Nami nashikilia kwamba lugha iliyokipa chombo cha mauti jina la kipimo ilikuwa na busara tusiyopaswa kuitupa. Sikulifuta neno lile.