Nyamgondho Langoni

Muhuru Bay ya utotoni mwangu, ngoma zilisubiri mbalamwezi. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa gizani, wakifuata mwanga wa karabai. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, na mitumbwi hulala ufuoni. Basi wanaume walikuwa nyumbani, pesa mfukoni, na hapo ndipo jathum, mpiga nyatiti, alipoitwa aje na ala yake.

Aliketi kwenye kigoda kifupi, nyuzi nane mbele yake, njuga mguuni, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga ubao kushika mapigo. Jukwaa halikuwepo, wala hakulihitaji. Alipoimba kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare, mtu mmoja aligeuka watu wote: mvuvi fukara wa Gwassi anayevuta mtego na kumkuta ndani yake mwanamke, majirani wanaocheka, kisha tajiri asiyejua idadi ya ng'ombe wake. Maana mwanamke yule alikuja na baraka, na zizi likafurika.

Halafu pombe. Nyamgondho anarudi usiku, analikuta lango limefungwa, anapiga kelele. Mke wake, yule wa mtegoni, anachelewa kufungua. Ndipo anapomtukana na kumkumbusha kwamba yeye ni kitu alichokiokota ziwani.

Hapo hasa ndipo wanaume walipokuwa wakisimama kutoa pakruok. Noti inatupwa, nyatiti inanyamaza, mtu anajisifu: ukoo wake, mashua yake, uzuri wa mpenzi wake. Mwingine anamjibu kwa noti kubwa zaidi. Pakruok ni haki ya msikilizaji na ndiyo riziki ya jathum, sina ugomvi nayo. Lakini nilipokua nikaanza kushangaa kwa nini majigambo yalizidi palepale langoni, na si wakati wa mtego wala wa utajiri. Naamini walikuwa wakikwepa.

Wanawake hawakukwepa. Wengi wao walichuuza samaki, na walijua jinsi mwanamke anavyolazimika kumbembeleza mvuvi ili apate mzigo. Kwao huu ulikuwa wimbo ambamo mali ilikuwa ya mwanamke. Asubuhi yake mke wa Nyamgondho anainuka, anashika njia ya ziwani, na ng'ombe, mbuzi na kuku wanamfuata majini. Jathum hakumpa neno hata moja la kujibu tusi. Alipiga nyuzi tu. Wanaume waliwalilia ng'ombe. Dani, nyanya yangu, alisema ng'ombe walimfuata mwenyewe, basi, na pombe isisingiziwe: ilifungua mdomo tu, maneno yalikuwamo siku zote.

Nyamgondho alimkimbilia hadi ufuoni, akamwita, lakini mke hakugeuka. Mume akasimama akiegemea fimbo yake mpaka akawa mti. Nyandiwa, kaunti ya Homa Bay, wenyeji huonyesha mahali penyewe. Wengine husema kisa hiki kinawaonya walevi. Mimi nasikia majuto ya mtu aliyependwa akadhani amemiliki, na nadhani ndiyo maana hakugeuka jiwe mara moja kama waliolaaniwa wa ngano nyingine: alipewa muda wa kutazama.

Ukipata jathum anayekiimba chote, mtunze vizuri. Ila noti yako ishikilie wimbo ukifika langoni. Mwache apite hapo bila kukatizwa.