Likizo ya Watoto Mtaani Free Area: Kikapu cha Nyumbani na Kilima cha Pimbi

Shule zifungwapo mwezi wa Agosti, wazazi wengi wa Nakuru huingiwa na wasiwasi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa fedha, kwa maana karo ya muhula wa tatu yangoja mlangoni. Wa pili ni wa watoto wenyewe: watashinda wapi, watakula nini, na nani atakayewaangalia? Wako wadhanio kwamba furaha ya mtoto haipatikani ila kwa kununuliwa, yaani soda, viazi vya kukaanga vya kando ya njia, na nauli ya kwenda mbali. Makala haya yataka kuonyesha kwamba sivyo. Mtu akaaye Free Area anapo mahali pazuri pa kuwapeleka watoto wake, tena kwa miguu, na chakula bora cha siku hiyo chaweza kutoka katika jiko lake mwenyewe.

MTAA NA MAJIRA YAKE

Free Area ni mtaa ulio upande wa mashariki wa Nakuru, kando ya njia kuu itokayo Nairobi, kabla msafiri hajafika katikati ya mji. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na mwaka wa 1904 mahali hapa pakatangazwa kuwa mji. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji. Zamani za ukoloni mashamba makubwa ya pande hizi yalikuwa mikononi mwa walowezi, na Waafrika wengi walikaa humo kwa kufanya kazi tu. Leo wakazi wa mtaa huu ni watu wa makabila mengi na kazi nyingi: karani, fundi, mwalimu, mchuuzi wa sokoni, dereva, na mkulima mwenye shamba lake Bahati au Subukia. Kila mmoja alikuja na mapishi ya kwao.

Nchi hii iko juu, kadiri ya mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo Agosti si mwezi wa joto. Watoto wa Ulaya hupewa likizo yao ndefu wakati wa kiangazi, jua lao linapochelewa kutua. Hapa kwetu Agosti ni mwezi wa baridi ya asubuhi na mvua ya alasiri. Lakini kila majira yana neema yake. Mahindi yaliyopandwa mvua za Aprili zilipoanza huwa yameanza kubeba, na mahindi mabichi huingia sokoni pamoja na viazi vya Molo, njegere, na mboga za kila namna. Basi mwezi ule ule ambao mfuko wa mzazi ni mwepesi, ndio mwezi ambao shamba lina ukarimu.

KUTENGENEZA KIKAPU

Chakula kifaacho kuchukuliwa matembezini ni kile kishibishacho, kisichomwagika, na kisichoharibika upesi. Githeri hutimiza hayo yote. Mahindi peke yake yana upungufu katika ile sehemu ya chakula ijengayo mwili, na maharagwe nayo yana upungufu wake. Lakini vikichanganywa, kimoja hutimiza alichokosa mwenziwe. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa kuona watoto wao wakikua, kabla wataalamu hawajalipima. Kwa jamaa ya watu sita yatosha kuchukua vikombe vinne vya mahindi mabichi kwa vikombe viwili vya maharagwe.

Maharagwe na yalowekwe tangu asubuhi ya siku ya kutangulia, na maji yale ya kulowekea yamwagwe. Jioni yachemshwe sana kwa maji mapya kwa muda wa nusu saa au zaidi. Mama apendaye kupunguza makaa aweza kutumia kikapu cha kuhifadhi moto: kikapu kikubwa kilichotandikwa nguo nzito au blanketi kuukuu pande zote, na mto wa kufunika juu. Sufuria hutiwa humo ingali ikitokota, ikafunikwa barabara, na maharagwe huendelea kulainika yenyewe. Alfajiri hurudishwa motoni pamoja na mahindi mabichi, yakatokota tena mpaka yote yaive. Ndipo hutiwa vitunguu, nyanya na chumvi kidogo. Jambo la kuangaliwa ni hili: maharagwe yasitiwe kikapuni kabla ya kuchemka sana, kwa maana maharagwe yasiyoiva huumiza tumbo. Na chakula kilicholala sharti kitokote tena kabla ya kuliwa.

Apendaye mapishi mengine na afanye irio: viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi mabichi, njegere na majani ya maboga. Chakula hiki hushikana, hivyo kwamba mtoto mdogo aweza kukila kwa mkono bila kuchafua nguo. Tena yako mahindi ya kuchoma, viazi vitamu vya kuchemsha, nduma, mayai, na ndizi mbivu. Mboga kama mnavu, mgagani na mchicha, ambazo watoto wa mjini huzikunjia uso, ni vizuri ziliwe siku hiyo hiyo ya matembezi, kwa sababu mtoto aliyetembea hachagui chakula.

Katika kazi hii watoto wasiachwe nje. Mkubwa apukuche mahindi, mdogo achambue maharagwe, na yule ajuaye kusoma atumwe sokoni na karatasi ya hesabu arudi na chenji sawasawa. Wavulana nao wapewe kisu na viazi vya kumenya. Hapo ndipo mtoto hujifunza kwamba sahani iliyojaa ina jasho la mtu ndani yake.

NENO JUU YA MAJI

Hapana budi kusema neno juu ya maji, kwa sababu katika Bonde la Ufa jambo hili lagusa afya ya watoto wetu. Maji ya visima vingi vya pande hizi yana madini ya floraidi kupita kiasi, yatokayo katika miamba ya volkano. Mtoto ayanywaye siku zote wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa ndani ya ufizi, hasa kabla hajatimiza miaka 8, meno hayo huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki. Madini yakizidi mno, hata mifupa hudhurika.

Watu wengi hufikiri kwamba kuchemsha maji kwatosha. Kuchemsha huua vijidudu, nako ni kwema, lakini hakuondoi floraidi. Dawa yake ni kuyapitisha maji katika chujio maalumu, kama lile la mifupa iliyochomwa na kusagwa, au kutumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, kisha yakachemshwa. Agosti ni mwezi wa mvua. Basi mwenye pipa na alikinge. Chupa ya maji hayo, yaliyotiwa ndimu na sukari kidogo, itampendeza mtoto kuliko soda, na fedha itabaki mfukoni kwa ajili ya madaftari.

SAFARI YA KWENDA KILIMANI

Mahali tunapopasifu leo ni Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi, ambacho ni jirani na Free Area. Yafaa kuondoka nyumbani saa mbili asubuhi, ukungu ukiisha kuondoka, ili mvua ya alasiri iwakute mmekwisha kurudi. Yule ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya pili ya njia kuu na awashike watoto mkono wakati wa kuvuka, kwa kuwa magari ya Nairobi na ya Eldoret hupita hapo kwa kasi mchana na usiku.

Kilima chenyewe si kirefu. Mtoto wa miaka sita hukipanda bila kubebwa. Katika mawe yake huishi pimbi, mnyama mdogo apendaye kuota jua la asubuhi. Waambieni watoto kwamba mnyama huyu aliye kama sungura asiye na masikio marefu, wataalamu wamemwona kuwa ni katika jamaa ya karibu ya tembo. Mtacheka nao njia nzima.

Lakini sifa kubwa ya kilima hiki ni watu waliokikalia zamani. Mwaka wa 1926 Louis Leakey alitambua kwamba hapa pana mabaki ya kale, na katika miaka ya 1937 na 1938 mkewe, Mary Leakey, akapachimbua. Mwaka wa 1943 pakawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka wa 1965 nyumba ya zamani ya shamba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Humo mna vyombo vilivyochimbuliwa, na kwa ada ndogo mtazamaji aweza kuviona. Nje yako makaburi ya watu wa kale, wafugaji waliotumia zana za mawe. Wanawake wao walizikwa pamoja na sahani za mawe na michi. Mama aliyeamka alfajiri kupika githeri na asimame hapo kidogo na binti zake: hata watu wale waliona kwamba chombo cha kumlishia mtoto ni kitu cha heshima, kistahilicho kufuatana na mwenyewe kaburini. Upande mwingine yako mashimo mapana, ambayo ni alama za maboma ya wafugaji wa zamani za chuma.

BAO LA MAWE

Kitakachowafurahisha watoto zaidi ni bao. Katika mwamba wa kilima mmechongwa vishimo safu kwa safu, nao ni mchezo wa jamii ya bao, uchezwao leo toka pwani hata Uganda. Wafugaji waliokaa wakiangalia ng'ombe wao walicheza hapo. Baba na afundishe watoto wake kupanda kete na kula, akitumia kokoto au mbegu katika vishimo vilivyochimbwa udongoni chini ya mti, si katika mwamba wenyewe, ili alama ile isilike. Mchezo huu ni hesabu tupu: mtoto hujumlisha, hutoa, na hufikiri mbele, bila kujua kwamba yumo darasani. Wasiopenda kukaa watacheza kati kwa mpira wa makaratasi, wataruka kamba, au watarusha tiara upepo ukivuma. Jiwe wala kigae kisichukuliwe. Na maganda ya mayai na ndizi yarudishwe katika kikapu.

Mkiwa juu, tazameni kusini mwone Ziwa Nakuru, lililo ndani ya mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1968. Ni ziwa la magadi lisilo na mto wa kutokea. Kwa miaka mingi lilijulikana duniani kwa heroe, ndege wa rangi ya waridi waliofunika ukingo wake. Tangu yapata mwaka wa 2010 maji yamepanda, yakafunika misitu ya ukingoni na hata makao ya watu. Magadi yakapunguka nguvu, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria, kwa kuwa mimea midogo ya majini waliyoila ilipungua. Wataalamu wasema kwamba maelfu ya miaka iliyopita ziwa lilikuwa kubwa zaidi, hata maji yakafika kwenye kilima hiki. Upande wa kaskazini mtaona mlima wa Menengai, wenye shimo la volkano ambalo upana wake ni kadiri ya kilomita 12 kwa 8. Huko na kuwe kwa siku nyingine, na kwa watoto wakubwa.

KULA PAMOJA NA JIRANI

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Matembezi haya yasiwe ya nyumba moja. Nyumba mbili au tatu na zipatane, kila moja ilete chakula chake. Mmoja atakuja na githeri, wa pili na chapati, wa tatu na ugali wa wimbi na samaki wa kukaanga, na Mkalenjini ataleta mursik katika kibuyu chake kilichosafishwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Watoto watauliza kwa nini maziwa yale yana rangi ya kijivujivu, nao wataelezwa na mwenye kibuyu mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu mji huu una kovu. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa Nakuru waligeukiana. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto, na maelfu wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazazi. Siku moja ya kula pamoja haitoshi kuzuia balaa kama ile, wala haimalizi ugomvi wa mashamba na siasa. Lakini mtoto aliyekula chakula cha mama fulani, akamwita shangazi, akafundishwa bao na mumewe, itakuwa vigumu kumwambia baadaye kwamba watu wale ni adui zake.

Basi, enyi wazazi, likizo ijayo msingoje mpate fedha nyingi. Loweka maharagwe, kinga maji ya mvua, bisha hodi kwa jirani, mpatane siku. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.